Salamu kwa Mtunza Bustani

Nyumbani, tarehe 3 Machi

Mwanangu,

Nakusalimu kwanza, mengine yatafuata. Umeamkaje huko? Unakula? Usiniambie ndiyo, niambie unakula nini. Sisi tupo. Dada yako amejifungua salama mtoto wa kike, kichwa amechukua cha mjomba wako, tunangoja tuone kama kitabadilika. Mjomba mwenyewe miguu inamvimba bado, ila mdomo uko mzima kabisa, anahukumu kila mtu kama kawaida yake. Mimi mgongo unaniuma kidogo, si wa kutaja, basi nimeshautaja.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Dada yako alitaka kunishikia kalamu, nikamwambia haya ni ya mimi na mwanangu. Ukikuta maneno yamegandana yatenganishe mwenyewe.

Kilichonikalisha kuandika ni mjakaranda wetu wa uani. Unaumwa. Upande wa jikoni matawi mawili yamekauka kabisa, na yaliyobaki majani yake ni ya njano, yanadondoka ovyo. Msimu uliopita upande huo haukutoa ua hata moja. Mjomba alikuja akauzunguka, mikono nyuma, akasema mti umekwisha, siku moja utalala juu ya bati, ukatwe. Nyumba ni yake, wajua, siwezi kubishana naye sana. Nikamwambia anipe muda nimwandikie mwanangu, ni mtu wa ofisi, hakosi pa kuulizia. Kwa ajili yako akakubali. Jina lako linafanya kazi huku mtaani, usidhani.

Mimi sijakaa bure. Nimeulisha. Nimeleta samadi ya kuku magunia mawili, nikaurundikia shinani vizuri mpaka inanifika magotini, kama unavyomfunika mtoto mwenye homa. Lakini haubadiliki. Na mimi bila kile kivuli nitafulia wapi? Jua la hapa litaniangusha kwenye beseni watu wakute povu tu. Maua yake yananichafulia mashuka ya wateja kila mwaka, nayasema sana, lakini mwaka huu nayataka.

La mwisho. Mwaka juzi ulikaa miezi bila kuniandikia. Sikuulizi kilikuwa nini. Nasema tu usirudie, sina moyo wa kuyapita yale mara ya pili. Siku ukiwa huna cha kuandika, niandikie hivyo hivyo kwamba huna.

Mama yako


Tarehe 22 Machi

Shikamoo mama,

Barua imefika na maneno nimeyatenganisha. Nimefurahi kwa dada, mwambie kichwa cha mjomba si kibaya kikiwa kwa mtu anayenyamaza. Mgongo uliosema si wa kutaja, tafadhali inua beseni liwe juu ya meza, usifue umeinama. Mimi nakula wali, maharage, na mboga ninayochuma. Ninayonunua, yaani. Kazi inaendelea, ofisini ni yale yale.

Sasa mti. Ukimaliza kusoma barua hii chukua jembe uondoe ile samadi yote shinani, leo leo. Pale shina linapoingia ardhini ni kama shingo, linataka hewa. Ukilifunika linaoza gome, na samadi ya kuku ikiwa mbichi inaunguza. Mama, mti haulii shinani. Mizizi inayokula ni ile midogo ya mbali. Simama uani jua likiwa utosini, uangalie kivuli kinaishia wapi. Pale kwenye ukingo wa kivuli ndipo mdomo wake ulipo. Samadi ihifadhi pembeni ikae ipoe mpaka isinuke, halafu itandaze nyembamba kwenye ule ukingo kuzunguka mti mzima. Maji upe mara chache lakini mengi, yazame. Maji ya sabuni na ya dawa ya kung'arisha nguo yamwage mbali.

Halafu angalia shina kwa makini, juu mpaka chini. Kuna mahali limechubuka, au limevimba? Kuna kitu kimefungwa?

Usishangae nimeyajuaje. Hapa ofisini kuna mtunza bustani, nimemuuliza. Na samahani kwa hilo doa, karatasi niliiweka chini ikapata udongo.

Mwanao


Nyumbani, tarehe 11 Aprili

Mwanangu msikivu,

Salamu zako nimezipokea zote na nimezigawa. Mtoto ananyonya kama anadai. Beseni liko juu ya meza, sasa kinachouma ni mabega, lakini mabega nimeyazoea.

Samadi nimeiondoa. Mjomba alinikuta na jembe akauliza kama nimeanza kuuzika mti kabla haujafa. Nikamwambia mti haulii shinani. Akanitazama kama nimemtukania mkewe. Nikamweleza habari ya kivuli na ukingo, akasimama uani jua la saa sita bila kofia, anatafuta mdomo wa mti. Akaondoka bila kuaga. Lakini juzi alirudi akasema anatupa muda mpaka miezi ya baridi ipite, asipoona jani jipya upande wa jikoni analeta watu wa msumeno. Na huyo akisema amesema.

Shina nimelichunguza. Halijachubuka. Ila kuna mahali, juu ya kichwa changu kidogo, limevimba ajabu, kama shingo ya mtu aliyebanwa na kola. Juu ya hapo nene, chini ya hapo limekonda, hasa upande wa jikoni. Umeuliza kama kuna kitu kimefungwa. Hakuna kitu. Kuna waya wa kuanikia nguo tu.

Huyo mtunza bustani wenu nimempenda. Ni mzee? Ana mke? Mpe salamu zangu, mwambie kwamba mama yako anamshukuru. Na likizo yako ni lini? Watu wa ofisi wana likizo, mtoto wa jirani aliye karani amekuja mara mbili tangu uondoke.

Mama yako


Tarehe 29 Aprili

Shikamoo mama,

Waya wa kuanikia nguo ndicho kitu kilichofungwa.

Nimecheka mpaka mwenzangu akauliza kuna nini. Nakumbuka tulivyoufunga, mimi ndiye niliyeshika mti usiyumbe, ulikuwa mwembamba kama mkono wako. Mti umenenepa, waya haukunenepa. Umeingia ndani ya gome, unaukaba. Chakula cha majani hakishuki mizizini, ndiyo maana umevimba hapo juu. Ungeulisha mpaka kesho usingepona, mama, mtu aliyekabwa koo haponi kwa uji.

Fanya hivi. Tafuta mtu mwenye koleo la kukatia waya, aukate sehemu zinazoonekana, kuzunguka shina. Kipande kilichokwisha mezwa na gome kama hakitoki kirahisi kiacheni, mkikivuta mtalichana gome bure. Nguo anikia kwenye nguzo mbili za kuchimbia. Yale matawi makavu yakatwe kwa msumeno mdogo. Tawi linapotoka kwenye shina kuna mkunjo, kama pindo la mkono wa shati. Wakate nje kidogo ya pindo hilo, wasiliguse lenyewe, na wasiache kisiki kirefu. Tawi zito wapunguze kwanza kwa mbali lisije likavuta gome likianguka.

Mbolea usiweke sasa hivi. Mgonjwa ameshatolewa kamba shingoni, mwache avute pumzi. Wakati ukifika nitakutumia.

Likizo hapa hazitoki ovyo, kazi inabana hasa kiangazi. Mtunza bustani si mzee, ni kijana tu. Hana mke. Hana mengi ya kusimulia.

Mwanao


Nyumbani, tarehe 20 Mei

Mwanangu,

Mtoto anacheka sasa, na akicheka kichwa hukioni. Dada yako anakusalimu, anasema kiangazi ofisini kunabana nini, makaratasi yanakauka? Usimjali.

Waya umekatwa. Mume wa jirani ndiye aliyepanda ngazi na koleo lake, akaukata mara ya kwanza ukaruka kwa mlio kama umeudhiwa. Upande wa jikoni ulikuwa umezama kabisa, tumeuacha kama ulivyosema. Matawi makavu yeye na mwenzake wameyakata nje ya lile pindo. Walipoondoka nilibaki peke yangu nikaushika ule uvimbe kwa mkono. Nikauambia pole. Usimwambie mtu. Nguzo zimesimama, ila ziko juani, nakimbia kuanika kisha narudi kivulini.

Kwa hiyo mtunza bustani ni kijana. Nimemuwaza. Mtoto wa watu, mikono mizuri hivyo, akili hiyo, halafu hana mengi ya kusimulia. Mama yake yuko hai? Anajua mwanawe alipo na anachofanya? Muulize kwa taratibu, vijana hawapendi kuulizwa.

Mama yako


Tarehe 18 Juni

Shikamoo mama,

Naandika kwa haraka kwa sababu dereva wa lori anayepita kwenu anaondoka. Amebeba kopo la mbolea. Nimeliviringishia tambara lisipasuke njiani.

Subiri mvua inyeshe, au kwanza umwagilie udongo ulowe. Chukua mtarimbo, toboa vishimo kwenye ule ukingo wa kivuli, hatua kubwa moja kati ya kimoja na kingine. Kila kishimo kijiko kimoja cha chakula, si zaidi, ufukie, umwagie tena. Ukizidisha utapata majani mengi na ua halitakuja, na mizizi itaungua. Najua mkono wako, mama. Wewe ukipakua sahani inafurika. Hii usipakue kama unanipakulia mimi.

Mama yake mtunza bustani yuko hai. Anajua kidogo.

Mwanao


Nyumbani, tarehe 9 Julai

Mwanangu,

Natumai barua hii inakukuta umesimama vizuri. Huku baridi, mtoto kafungwa mablanketi yote, mjomba anadai lake.

Kopo limefika zima. Mvua ilinyesha siku ya pili yake, nikafanya kama ulivyoagiza, kijiko kimoja kimoja, mkono ukiwasha kuongeza. Sikuongeza.

Sasa lile tambara. Nililikunjua nikakuta ni suruali. Wewe unajua mimi nimefua suruali za watu tangu hujazaliwa. Ya mtu wa kiti huisha makalioni. Ya fundi wa magari huuawa na mafuta. Hii makalio ni mapya kabisa, imeisha magotini, na udongo umeingia mpaka ndani ya nyuzi. Nikajisemea hii ni ya yule mtunza bustani, mwanangu ameichukua kwa bahati mbaya, kijana wa watu sasa hivi anaitafuta.

Kiunoni ina mishono miwili ya kupunguza. Aliyeipunguza alitumia uzi wa kahawia kwenye suruali nyeusi, kwa sababu mweusi ulikuwa umemwishia na basi lilikuwa linaondoka alfajiri. Niliitazama sana ile mishono. Siku unaondoka kwenda kuanza kazi nami nilikupunguzia ya kwako, uzi ukaniishia vile vile.

Nimeifua. Udongo umetoka, si wote. Magotini nimetia viraka vya kitambaa mara mbili, na katikati nimeweka kipande cha blanketi, akipiga magoti asiumie. Sikupunguza kiuno, sijui kama amenenepa au amekonda. Dereva anarudi nayo, mpe.

Mwambie mti wa dobi mmoja umevuta pumzi kwa ajili yake. Mwambie na hili, umsomee pole pole. Kama kuna kitu kinamfanya asimwandikie mama yake, au asiende kumwona, na kitu chenyewe ni suruali, basi mama akiiona suruali hafanyi kingine. Anaifua.

Wewe sina la kukuuliza. Andika tu.

Mama yako


Nyumbani, tarehe 16 Agosti

Mwanangu,

Sisi wazima. Dereva anasema alikupa mzigo mkononi, ukashukuru, ukasimama. Hakuna barua.

Labda nilisema vibaya. Kalamu yangu si kama ya watu waliosoma, neno likishatoka silirudishi. Huku mti umedondosha majani yake yote, pande zote mbili, jirani akasema ndiyo basi. Mimi naukuna gome kwa ukucha, ndani ni kijani. Mjomba nimemwambia hivyo. Akaja akaukuna mwenyewe, akasema mwezi mmoja.

Andika mwanangu.

Mama yako


Nyumbani, tarehe 12 Septemba

Mwanangu,

Huna cha kuandika? Niandikie hivyo.

Upande wa jikoni kuna machipukizi, madogo, kama ncha za mchicha. Nilimwita mjomba nikamwonyesha kwa fimbo. Amewaambia watu wa msumeno wasije tena. Nilidhani siku hiyo nitafurahi sana.

Mama


Tarehe 25 Septemba

Shikamoo mama,

Suruali imefika. Inanikaa vizuri, kiuno hakijabadilika.

Nilishindwa kuandika kwa sababu kila nikianza naanza na neno ofisi. Ofisi ilifungwa mwaka juzi, tulikuta kufuli mlangoni. Zile hesabu nilizosomea nilizipeleka milango mingi. Kisha nikapata kibarua cha kumwagilia maua kwenye nyumba moja, nikasema ni ya mpito, nikipata kiti nitamwandikia mama. Kiti hakikuja. Sasa natunza bustani nne. Nina miti ishirini na kitu, mingine mikubwa kuliko wetu, na mama mwenye nyumba ya tatu hakati hata tawi bila kuniita. Mwenzangu niliyekutajia ndiye aliyenifundisha kushika msumeno. Siumwi, silali njaa. Asubuhi nikifika nazunguka kwanza kuiangalia yote kabla sijashika kitu. Sikujua kama kuna kazi ya hivyo.

Lakini wewe umeutangazia mtaa mzima kwamba mwanao ni mtu wa ofisi. Mjomba alikuwa akinitaja kwa wanawe, someni kama fulani. Nitawatazamaje?

Nitakuja mwezi wa kumi na moja, nimeomba siku kumi nimepewa. Nina ombi moja. Kwa watu wa huko niache niendelee kuwa wa ofisini. Wewe ukijua inanitosha.

Makovu ya yale matawi yaliyokatwa usiyapake kitu, yanajifunga yenyewe.

Mtunza bustani wako


Nyumbani, tarehe 14 Oktoba

Mtunza bustani wangu,

Shikamoo yako marahaba, marahaba tena, ya miezi yote hii. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa nikaisoma tena, kisha mashuka ya watu yakakaukia juani mpaka yakawa kama mbao. Wateja watanisamehe.

Ombi lako limefika limechelewa, na hata lingewahi sijui kama ningeliweza.

Ilikuwa hivi. Mti umechanua. Si wote, upande wa jikoni ni majani tu, ua hakuna, najua utasema nisiuharakishe. Lakini huku kwingine umejaa mpaka uani hakuna pa kukanyaga, na mashuka mawili yameshapata madoa. Mjomba alikuja Jumapili, akakaa chini yake, akaniuliza huyo mtaalamu aliyekuwa ananiandikia ni nani hasa. Nikasema ni mwanangu. Akasema ndiyo, lakini yeye aliuliza kwa nani? Mtu wa ofisi anajuaje koo la mti?

Ningeweza kusema kwa mtunza bustani. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilimwona mjomba na maua kichwani, ametulia, mti aliotaka kuukata unampepea, nikaona uchungu kwamba sifa hii nimpe mtu ambaye hayupo. Nikamwambia, "Hakuuliza kwa mtu. Hayuko ofisini. Anatunza miti, ndiyo kazi yake, na amenificha miaka miwili kwa sababu yetu sisi."

Mjomba akanyamaza. Dada yako alitoka jikoni kuangalia kama ameanguka.

Halafu akasema, "Na muda wote huo mnamwacha aponye mti wako tu?"

Kumbe mjohoro wake, ule mti wa mbele ya nyumba anayokaa, unatoa gundi shinani tangu mwaka jana, na majani yana matundu. Ameficha. Amekuwa akiupaka chokaa usiku watu wasione. Akaanza kunieleza, upande huu, upande ule, tangu lini, kama yuko kwa daktari, na mimi nikawa nasema hapana sijui, hapana usiupe mbolea, ngoja mwenyewe aje. Alipofika kwake akamfukuza mwanawe aliyekuwa anamwaga maji ya vyombo kwenye shina. Kabla ya jioni mtaa wote unajua. Mume wa jirani naye ana kitu uani anataka ukitazame, yule wa koleo, anasema yeye ana haki kwa sababu ndiye aliyepanda ngazi. Hakuna aliyeuliza habari za ofisi, mwanangu. Nilikuwa nimejiandaa kujibu, nikabaki na majibu yangu.

Siku ulizopewa wameshaanza kuzigawana. Mjomba anasema yeye wa kwanza, nyumba ni yake. Nimemwambia nyumba ni yake, mtoto ni wangu. Utafika, utaoga, utakula, utalala mpaka uamke wewe mwenyewe, na suruali utanipa niifue. Mjohoro wake utangoja mpaka kesho yake.

Mama yako